Noah ipi? Namna ya kulisoma jina la gari kabla hujatoa hela

Juni ya 2014 nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Makete. Toyota Noah yake ya abiria ilikuwa imekufa wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, upande wa Kitulo. Abiria walishapanda pikipiki wakaendelea na safari, akabaki yeye na konda wake na magunia mawili ya viazi. "Dada, nitumie wota pampu ya Noah. Hela naituma sasa hivi." Na kweli, sijamaliza kuitafuta kwenye shelfu, ujumbe wa hela ukaingia. Nikaifunga kwenye boksi, nikaandika namba yake ya simu juu kwa maka peni, nikaikimbiza stendi. Kesho yake mchana simu ikalia tena. "Dada, fundi anasema hii haikai."

Isingekaa. Nilimtumia pampu ya Noah AZR60, ile yenye injini ya 1AZ, ambayo pampu yake inazungushwa na belti ya nje. Ya mzee ilikuwa SR50, injini ya 3S, pampu yake imejificha ndani ya kava na inazungushwa na timing belti. Ukiziweka juu ya meza hata mtoto anaona hazifanani. Mzee wa watu akalala kwenye baridi ya Kitulo usiku wa pili kwa sababu mimi nilishindwa kuuliza maneno mawili tu: Noah ipi? Nilimrudishia nauli ya mzigo, nikamwomba radhi, na tangu siku ile siuzi spea kwa jina la gari.

Nipo kwenye biashara hii ya spea hapa Mwanjelwa, Mbeya, tangu 2006. Nilianza kama msichana wa kufuta vumbi na kupanga maboksi kwenye duka la mjomba. Ninachoandika hapa ndicho ninachomwelekeza kila mteja anayekubali kusimama kaunta dakika kumi. Ukikielewa, utanunua spea bila kurudisha, na siku ukinunua gari dalali hatakuyumbisha.

Jina lilitungwa kwa ajili ya kuuza

Anzia hapa. Jina lililobandikwa nyuma ya gari lilitungwa na watu wa mauzo. Kazi yake ni kumfanya mnunuzi alitamke kwa raha na alikumbuke. Fundi wa Mbalizi anayelala chini ya gari hilo miaka kumi na tano baadaye hakufikiriwa hata kidogo.

Angalia Toyota walivyofanya. Mwaka 1955 walitoa Crown, yaani taji. Likapendwa. Ikaja Corona, 1957, ambalo nalo ni taji kwa Kilatini. Ikaja Corolla, 1966, taji dogo la petali za ua. Hata Camry limetokana na neno la Kijapani lenye maana hiyo hiyo ya taji, kanmuri. Yapange majina haya uone jinsi kampuni inavyolilea jina moja lililofanya vizuri mpaka lizae wenzake. Ongeza Carina, Celica, Chaser, Cresta: herufi C ilikuwa kama desturi ya nyumba.

Kutunga jina jipya ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Lazima uhakikishe hakuna mwingine aliyelisajili. Toyota wenyewe liliwakuta: gari lao la 1951 liliitwa Toyota Jeep, lakini Jeep lilikuwa jina la Willys wa Marekani, ndiyo maana 1954 likawa Land Cruiser. Porsche nao walitaka gari lao liitwe 901. Peugeot wakasema namba tatu zenye sifuri katikati ni zao, na wale mliopanda Pijo 404 na 504 mnajua ni kweli. Porsche wakabadilisha namba, tukapata 911.

Halafu lazima jina lisiwe tusi mahali fulani. Mitsubishi Pajero limepewa jina la paka pori wa Amerika Kusini, lakini kwa Kihispania cha mitaani neno hilo ni tusi la aibu. Huko gari lile lile liliitwa Montero, na Uingereza liliitwa Shogun. Honda nao walitaka kuliita gari dogo Fitta, wakaambiwa kwamba Sweden na Norway hilo ni neno la matusi. Wakakata, wakaacha Fit, na Ulaya wakaliita Jazz.

Kwa hiyo jina likishapenya kote, limesajiliwa na watu wamelizoea, kampuni hailiachi kirahisi. Kuna na sababu ya kisheria: katika nchi nyingi jina lisipotumika miaka mingi, mwingine anaweza kwenda kudai kwamba limetelekezwa. Ndiyo maana yanafufuliwa. Neno letu wenyewe, safari, limepita huko. Tata wa India walikuwa na Safari tangu 1998, wakaiacha 2019, na 2021 jina likarudi kwenye gari jingine kabisa.

Njia nne ambazo jina hukupoteza

Njia ya kwanza naiita jina la pili kumeza la kwanza. Kampuni ikiwa na gari jipya ambalo halijazoeleka, inalitanguliza na jina la gari linaloheshimika, kama kijana anavyotambulishwa ugenini kwa jina la baba yake. Akishajulikana, jina la baba linaondolewa. Camry ilizaliwa 1980 ikiitwa Celica Camry. Mark II ilianza ikiitwa Corona Mark II. Premio ilianza 1996 ikiitwa Corona Premio, na 2001 Corona ikafutwa, Premio ikabaki peke yake. Na Noah ya yule mzee wa Makete ilianza 1996 kama TownAce Noah na LiteAce Noah, injini chini ya viti vya mbele, nguvu inakwenda matairi ya nyuma. Mwaka 2001 ikatoka Noah tupu, injini mbele, nguvu matairi ya mbele. Sasa mtu akisema "Noah" tu, anataja magari ambayo hata injini hazikai sehemu moja.

Njia ya pili ni gari moja kupewa majina mengi. Hii inawachanganya sana watu wetu kwa sababu magari yetu mengi yanatoka Japani. Huko Toyota walikuwa na mitandao tofauti ya maduka, na kila mtandao ulitaka gari lake lenye jina lake. Mark II, Chaser na Cresta ni ndugu wa tumbo moja waliopelekwa maduka matatu. Premio na Allion vivyo hivyo, Noah na Voxy vivyo hivyo. Utaratibu huo uliisha Mei 2020, maduka yote yakaruhusiwa kuuza magari yote, na ndipo majina mengi yakaanza kupunguzwa. Nchi nazo zina mchango wake. Vitz ya Japani ni Yaris ya Ulaya. IST yetu ile ya kwanza Marekani waliijua kama Scion xA. Escudo ni Vitara. Kwa hiyo ukitafuta spea kwenye intaneti kwa jina la Kijapani ukakosa, usidhani haipo.

Njia ya tatu ni jina la marehemu. Starlet ilikoma 1999, nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Mwaka 2020 jina Starlet likarudi kwenye soko la Afrika. Kwetu mtoto akipewa jina la babu angalau damu ni ya babu. Hii Starlet mpya damu yake ni ya Suzuki: ni Suzuki Baleno iliyobandikwa nembo ya Toyota, chini ya ushirikiano wa kampuni hizo mbili. Vitz nayo, baada ya Japani kuliacha jina hilo, ilirudi Afrika Kusini 2023 ikiwa ni Suzuki Celerio. Sisemi ni magari mabaya. Ninachosema ni kwamba ukija dukani kwangu na Starlet ya 2021 ukaomba pedi za breki za Starlet, na mimi nikakupa zile za EP82, yaani Starlet ya zamani, zilizobaki kwenye shelfu la juu, tutakuwa tumepotezana wote wawili.

Njia ya nne ni ya hapa hapa kwetu, na ndiyo inayonikera zaidi: "new model". Maneno haya mawili hayana maana yoyote. Spacio iliyotoka 2001 iliitwa new model ilipofika Mbeya na inaitwa hivyo mpaka leo. IST ya 2007 ni new model kwa mtu mwenye ya 2002. Dalali akikwambia new model, mwambie afungue boneti.

Fungua boneti

Chukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Kwenye Toyota nyingi za Japani utakuta kibati cha bati jembamba kimepigwa ribiti kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Nyingine kinakaa kwenye nguzo ya mlango wa mbele. Kwa magari ya huku kitakuwa kimefunikwa na vumbi jekundu lililoganda na oili. Usikikwangue kwa bisibisi, maandishi yamechapwa juu juu na yatatoka. Kipake mafuta ya taa, subiri kidogo, futa polepole. Kisha kipige picha kwa simu, na picha hiyo usiifute kamwe.

Mstari wa kwanza utasoma kitu kama UA-NCP61 au DBA-NCP61, ukifuatwa na herufi nyingine kadhaa. Zile herufi za mbele kabla ya kistari ni habari za kanuni za moshi za Japani, kwa kutafuta spea ziruke. Kinachotakiwa ni NCP61.

Isome hivi. Herufi ya mwanzo ni familia ya injini: N ni NZ. Namba za mwisho ni toleo na aina yake: NCP60 ni IST ya cc 1300, NCP61 ni ya cc 1500, NCP65 ni ya cc 1500 inayovuta matairi yote manne. Halafu, na hapa ndipo nakuomba utulie, angalia herufi inayogusa namba. Hapa ni P. Hiyo herufi ndiyo ukoo wa gari, nayo haibadiliki hata watu wa mauzo wakibadilisha jina mara ngapi.

Starlet ya zamani ni EP82. Vitz iliyoirithi ni SCP10. IST ni NCP61. Majina matatu, lakini P ipo palepale. Corolla ni E: AE110, NZE121. Spacio ya kwanza ni AE111, ya pili ni NZE121, yaani Spacio ni Corolla iliyopandishwa paa. Corona Premio ni AT211, Premio iliyofuata ni NZT240, herufi T. Carina nayo ni T, na Allion iliyoirithi inaandikwa NZT240 sawasawa na Premio. Kwa hiyo mashine ni moja, zinatofautiana nguo za nje: taa, bampa, grili. Mark II na ndugu zake ni X, ndiyo maana vijana wa hapa wakisema "GX 100" wanasoma chesisi, yaani hii namba ya utambulisho wa gari, bila kujua. Na Noah ni R: SR50, kisha AZR60, kisha ZRR70.

Nilipogundua hili la herufi ya ukoo, nilikuwa peke yangu dukani, mvua inanyesha, nimepanga daftari la mauzo la mwaka mzima nikitafuta kwa nini spea fulani hurudi. Niliziandika chesisi zote kwenye ukurasa mmoja, herufi zikaanza kujipanga zenyewe kwa koo. Lile daftari ninalo hadi leo. Jalada limechanika, lakini ndilo linaloniuzia.

Mistari mingine ya kibati nayo ina faida. Penye ENGINE utaona injini na cc zake. Penye COLOR pana namba ya rangi: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, na mchanganya rangi akiipata hatakubahatishia. TRANS/AXLE ni gia boksi na difu. Ukikuta injini iliyomo haifanani na iliyoandikwa kwenye kibati, ujue imebadilishwa, na spea za injini utanunua kwa injini iliyomo, za bodi kwa chesisi.

Kama kibati kimeng'oka, usihangaike. Chukua kadi ya gari. Namba ya chesisi kwenye kadi inaanza na herufi zile zile: NCP61, kisha tarakimu saba. Iwe na kistari au bila kistari, zile za mwanzo zinatosha.

Faida utakayoipata mara moja

Injini ya 1NZ imo kwenye IST ya NCP61, Premio ya NZT240, Spacio ya NZE121, Raum ya NCZ20, Probox ya NCP51, na Vitz ya NCP91. Magari sita, majina sita. Mtu akienda duka hadi duka akiuliza "wota pampu ya Raum" anaweza kuambiwa haipo mji mzima, wakati pampu ya 1NZ imejaa kila shelfu kuanzia Kabwe mpaka Mafiati. Omba ya 1NZ. Hata 2NZ, ile ya cc 1300, inatumia pampu hiyo hiyo. Mama mmoja wa Igawilo alikuwa ameshachangisha nauli ya kijana wake kwenda Dar es Salaam kufuata pampu ya Raum. Nilimpa ya kwenye boksi lililoandikwa Probox, fundi akaifunga jioni ile ile. Akaniambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mara tatu.

Kinyume chake nacho ni muhimu. Jina moja, injini tofauti. Premio ya kuanzia 2001 mpaka 2007 inaweza kuwa NZT240 ya cc 1500, ZZT240 ya cc 1800, au AZT240 ya cc 2000. Hiyo ya mwisho ndiyo D4, inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na pampu yake ya presha pamoja na nozeli si vitu vya kuchezea. Kwa nje zinafanana. Ukiwa unanunua gari na unaishi mbali na mji, Ludewa au Chunya huko ndani, na fundi wako hajawahi kuifungua D4, mimi nakushauri utafute NZT au ZZT, hata kama AZT inauzwa bei nzuri na inang'aa zaidi. Bei yake nzuri ina sababu.

Na unapopanga bei ya gari, linganisha chesisi na chesisi. Premio ya 2001 inaweza kuwa Corona Premio ya mwisho au Premio ya kwanza, kwa sababu mwaka huo ndio toleo lilibadilika. Mwaka mmoja, jina karibu moja, magari mawili. Usikubali kulipia T240, yaani Premio, ukapewa T210, yaani Corona Premio.

Malori yana ukweli zaidi

Madereva wa njia ya Tunduma hawana shida hii sana, maana Scania walikuwa wakiandika ukweli mlangoni. 113 ni injini ya lita 11, toleo la 3. 124 ni lita 12, toleo la 4. 94 ni lita 9, toleo la 4. Tangu 2004 wakabadilisha, R420 ikawa ni aina ya kabini na nguvu za farasi 420. Napenda sana majina ya namna hii. Wanakuja wakisema "nataka filta ya 124" na ninawapa bila swali la pili.

Unaponitumia ujumbe

Wewe wa Kyela, Makambako, Mafinga au popote unapoagiza kwa simu, andika hivi: herufi na namba za chesisi, injini, jina la spea, upande wa kulia au kushoto ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, mbele au nyuma. Mfano: "NCP61, 1NZ, shokapu, mbele kushoto." Ongeza picha ya kibati. Jina la gari weka mwisho, au usiweke kabisa. Muuzaji akikujibu "ni ile ile tu" bila kukuuliza chochote, subiri kwanza kutuma hela.

Mzee wa Makete bado ni mteja wangu. Ile SR50 aliiuza, sasa ana ZRR70, na akipiga simu anaanza na herufi kabla hata ya salamu. Konda wake ndiye aliyenifundisha kitu kimoja ambacho sikuwa nakizingatia: kama huna kibati, kadi iko kwa mwenye gari na mwenyewe hapatikani, fungua spea iliyokufa, ifute oili, ifunge kwenye nailoni mbili na uipe Hiace ya kwanza ya asubuhi. Juu yake andika namba yako ya simu kwa kalamu isiyofutika. Ikifika kaunta naiweka kwenye mizani ya macho na ya mkono, napima kipenyo, nahesabu matundu ya bolti, na yenyewe inaniambia ni ya nani. Ya zamani nakurudishia kwenye boksi moja na mpya, ili fundi wako azilinganishe kabla hajaanza kufunga.